Matanga ya Steringi Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na pazia.

— Nyuma yake?

Pana sauti.

— Ya nani?

Ya kila mtu. Sasa tulieni. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa umalize kabisa, maana hadithi hii ina sauti nyingi na sitaki ya kwako iingie humo ikapoteze watu.

Hapo zamani, jua lilipokuwa bado halina haraka ya kuzama, kulikuwa na pango kando ya ziwa. Nyuma ya pango palikuwa na tundu la duara, kubwa kama mdomo wa chungu. Katikati ya pango, buibui wa zamani hizo walikuwa wametanda utando wao kutoka huku mpaka huku, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa pazia jeupe, jepesi, lililotikisika hata mtu akipumua. Kila alasiri jua lilichungulia kwenye lile tundu, na pazia lote likageuka rangi ya asali. Mtu akilitazama sana, kope humlegea, akawa hajui kama yuko macho au anaota. Wengi waliona raha kutojua.

Mwenye pango alikuwa Kiboko. Nani alimpa? Hakuna aliyempa. Aliingia siku moja akaketi, na kwa jinsi alivyo, hakuna aliyejisumbua kumwambia ainuke.

Humo ndimo Kiboko alimoanzisha picha za kutembea. Walichukua majani makavu ya mgomba, wakayakata kwa meno: hili mtu, hili mbuzi, hili nyumba. Wakayachomeka kwenye vijiti, wakayapitisha kati ya jua na pazia. Huku mbele wanyama wakubwa kwa wadogo walikaa chini, wakaona vivuli vinatembea, vinagombana, vinapendana, vinakula. Ilikuwa hadithi ya Bwana Shujaa na nyumba yake. Asubuhi Bwana Shujaa huua joka lenye vichwa saba. Mchana hurudi nyumbani, akagombana na mama mkwe kwa sababu ya mchuzi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Steringi alikuwa nani? Kiboko. Sauti ya Bwana Shujaa ilikuwa yake, nzito, inatoka tumboni: "Hooo, ho, ho! Nani asiyenijua?" Basi. Akishasema hivyo alijilaza, akangoja zamu yake ya kusema tena hivyo hivyo.

Na wengine wote?

Mlango ukifunguka, kriii! Ni Pimbi huyo.

Mvua ikinyesha, cha-cha-cha-cha! Ni Pimbi huyo.

Jogoo akiwika, kokoikooo! Ni Pimbi huyo.

Mama mkwe akikohoa, kho! kho! akisema, "Mwanangu, huyu mume ulimwokota wapi?" Ni Pimbi huyo.

Mke wa Bwana Shujaa, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, ni Pimbi. Watoto watano wakililia ukoko, ni Pimbi mara tano. Joka la vichwa saba, hizo hesabuni wenyewe.

Pimbi mwenyewe mmemwona? Kanyama kadogo ka mawe, kanene kidogo, kana masikio mafupi. Mdomo ulikuwa kwenye sauti, mikono kwenye vijiti, miguu ikisukuma majani ya mgomba. Mkia hana. Angekuwa nao, Kiboko angeupa kazi.

Sasa watazamaji wa zamani hizo walikuwa na adabu. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Huyu alileta boga, huyu mhogo, huyu muwa, wakaviweka chini ya pazia. Jua likizama na watu wakaondoka, Kiboko alivuta vyote kwa mkono mmoja. Kacha! Kacha! Gwafu! Kisha alimsogezea Pimbi maganda.

"Bwana mkubwa," Pimbi alimwambia siku moja, "leo nimesema kwa sauti kumi na saba. Hata kipande cha boga?"

"We Pimbi," akasema Kiboko huku anatafuna, "boga lile waliniletea mimi steringi. Wewe ni mlango. Tangu lini mlango ukala boga?"

Nyinyi mnacheka. Yeye hakucheka.

Mtauliza kwa nini hakuondoka. Aliahidi. Siku ya kwanza Kiboko alimwita mbele ya watu wote, akampa kipande cha boga, kimoja tu, cha mwisho kukipata, akamwambia: "Utafanya kazi kwangu mpaka hadithi iishe." Pimbi akajibu huku anatafuna, "Mpaka hadithi iishe." Na kwa watu wa ziwa lile, neno ulilolisema huku unatafuna chakula cha mtu hulivunji. Pimbi alidhani ni hadithi ya juma moja.

Lakini Kiboko alikuwa mjanja wa tumbo. Kila jua lilipokaribia kuzama, Bwana Shujaa alikutwa ananing'inia kwenye genge kwa kidole kimoja, na Kiboko akanguruma: "Je, ataanguka? Kesho!" Kesho watu walirudi na maboga. Na kesho yake. Kwa kuwa kila mtu anajua steringi hafi, hadithi haikuwa na pa kuishia. Mvua za vuli zikapita, za masika zikapita, za vuli zikarudi.

Katikati ya mvua hizo Pimbi alizaa kitinda mimba wake, akamwita Shinuni. Alimzaa asubuhi; alasiri alikuwa nyuma ya pazia anafanya mlango.

Shinuni alilelewa na shangazi yake. Kila alasiri shangazi alimbeba hadi pangoni, akamkalisha mbele kabisa, na mtoto akatazama vivuli mpaka macho yakawa mazito. Aliyempenda kuliko wote ni yule mke wa Bwana Shujaa. Kivuli kile kilipoinama juu ya watoto wake watano na kuwaambia, "Laleni wanangu, jua linaingia ndani ya chungu," Shinuni naye alilala palepale chini, kidole mdomoni.

Na Pimbi akirudi nyumbani? Alirudi sauti imemkauka. Alirudi giza limeingia, mtoto amelala, na aliondoka alfajiri kwenda kukata majani ya picha, mtoto hajaamka. Alijilaza pembeni yake, akawa anamsikiliza anavyopumua, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yake.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha na jua halikutokea. Bila jua hakuna picha. Pimbi alitoka mbio pangoni, akafika nyumbani mchana kweupe. Shinuni alikuwa mlangoni anachezea kokoto.

"Shinuni, mwanangu," akasema Pimbi. Sauti yake mwenyewe ilikuwa na mikwaruzo, maana hakuwa ameitumia siku nyingi.

Mtoto akainua uso, akamtazama. Akamkimbilia shangazi.

"Shangazi, kuna mtu."

"Mtu gani? Yule ni mama yako."

"Si mama," akasema Shinuni. "Mama anakaa kwenye pazia."

Pimbi akageuka. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya jiwe kwenye mvua, akalia sana. Watoto wote wa ziwa zima walikuwa wakilazwa kwa sauti yake, na wa kwake alimkimbia. Iliuma, wenzangu, na mimi sijui namna nyingine ya kulisema.

Alipomaliza kulia alifuta pua. Mvua ilikuwa imepungua, ziwa limekuwa jeupe kama maziwa, na mawazo yakamjia polepole, moja moja. Hadithi haiishi kwa sababu steringi hafi. Steringi hafi kwa sababu Kiboko anashiba. Na Kiboko aache kushiba kwa lipi? Kwa kushiba zaidi.

Kesho yake jioni, Kiboko alipokuwa anatafuna na yeye anatafuna maganda, Pimbi alishusha pumzi kidogo, akasema kama mtu anayejisemea:

"Mm. Bado haijafikia chakula cha msiba."

Taya za Kiboko zikasimama.

"Chakula gani?"

"Cha msiba, Bwana mkubwa. Cha matanga. Hujawahi kula?"

Hakuwahi. Hakuna aliyewahi kumwalika, maana wafiwa nao wana watoto wa kulisha.

"Kikoje?"

Pimbi akafumba macho. Akatoa sauti ya mke wa Bwana Shujaa, ile ya kubembeleza. "Mtu akifa, nyumba yake haiwashi moto. Majirani wote hupika, wakaleta. Siku tatu, Bwana mkubwa. Boga la nazi. Ndizi zilizoiva mpaka zinatoa maji. Viazi vya moto, mhogo wa kuchoma, asali kwenye kibuyu. Na hawaleti kimoja kimoja kama hawa wa kutazama picha. Wanaleta na machozi, na mwenye machozi mkono wake hauna kipimo."

Mate ya Kiboko yakadondoka, tone! tone!

"Siku tatu?"

"Siku tatu nzima."

"Na nani afe?"

"Hapo ndipo penye shida," akasema Pimbi. "Akifa mama mkwe, watacheka. Akifa jogoo, wataomba supu. Wa kuliliwa na ziwa zima ni mmoja tu, na yeye hafi."

"Steringi," akanong'ona Kiboko.

"Steringi hafi, Bwana mkubwa. Tule maganda yetu."

Kiboko hakulala usiku ule. Aligeuka huku, puu! Akageuka huku, puu! Kulipokucha akasema, "We Pimbi. Nikifa halafu nikafufuka siku ya nne?"

"Hadithi ni yako," akasema Pimbi. "Mimi ni mlango."

Oneni, hakumdanganya hata kidogo.

Alasiri ile jua liliingia laini kuliko siku zote. Kwenye pazia Bwana Shujaa alirudi nyumbani kutoka kwa joka, anapepesuka. Watu wakadhani ni mchezo. Kriii, mlango ukafunguka.

"Mke wangu," ikasema ile sauti nzito, "nakufa."

Tif! Kivuli kikaanguka. Kelele zote zikakatika. Watoto wakashika mikono ya mama zao.

Kivuli kikainua kichwa.

"Nipe uji kwanza."

"Uji huu hapa, mume wangu."

Fyuuu, akanywa. Tif! Akafa. Watu wakavuta pumzi kulia. Kichwa kikainuka tena.

"Jirani yangu, nimekusamehe kwa yule kuku wako niliyemla."

Tif!

Kichwa kikainuka. "Na kumbukeni, mimi ndiye niliyekuwa mzuri kuliko wote."

Tif! Safari hii alibaki chini, maana Pimbi alikuwa amekiweka kijiti cha Bwana Shujaa chini ya mguu wake na kukikanyaga, Kiboko asikiinue tena.

Halafu mke wa Bwana Shujaa akalia. Sijui niwaambieje kilio kile. Hakikuwa cha kelele. Kilikuwa kama cha mtu aliyekaa juu ya jiwe kwenye mvua. Pango lote likalia naye, swala akalia, nguchiro akalia, hata ngiri, ambaye uso wake haujazoea, akajificha nyuma ya sikio la mwenzake. Na Kiboko kule nyuma, chali, mikono kifuani, alisikiliza na kutabasamu. Hajawahi kupendwa hivyo maisha yake yote.

Miongoni mwa watazamaji alikuwepo Bi Korongo, mrefu, mwembamba, mwenye hatua za taratibu. Ziwa lile hakuna msiba uliokwenda bila yeye. Ndiye anayejua nani alie lini na sufuria gani iingie kwanza. Akasimama, akajinyoosha shingo.

"Wenzangu," akasema, "nyumba ya Bwana Shujaa imefiwa. Leo hakuna kurudi kwenu. Tunalala hapa hapa matangani, siku tatu, kama inavyotakiwa. Kina mama, kapikeni mlete. Kina baba, tandikeni mikeka."

Kule nyuma, Kiboko alimgusa Pimbi kwa kidole.

"Wanalala hapa?"

"Ni matanga, Bwana mkubwa. Wafiwa hawaachwi peke yao."

"Na chakula?"

"Kinakuja."

Kilikuja. Ewe! Maboga yalibebwa na watu wawili wawili. Ndizi zilikuja na mikungu yake. Harufu ya mhogo wa kuchoma ilipenya kwenye utando wa buibui, ikaenda moja kwa moja kwenye pua ya Kiboko, na pua yake si ndogo. Akainuka aupeleke mkono mbele.

"Bwana mkubwa," Pimbi akanong'ona, "u maiti."

Kiboko akaurudisha mkono. "Watakula wenyewe?"

"Wanakula na wafiwa. Mjane, watoto watano, mama mkwe. Ndiyo desturi."

"Na marehemu?"

Pimbi akamtazama kwa huruma. "Marehemu, Bwana mkubwa?"

Hapo ndipo Kiboko alipotambua kitu ambacho mtoto yeyote wa ziwa lile angemwambia. Katika msiba, watu wote hula isipokuwa mmoja.

Akataka kupiga kelele. Lakini angepiga kelele, matanga yangevunjika, na chakula kile kingerudi kilikotoka. Akafikiri: watalala tu, nitakula wakilala. Hawakulala. Katika matanga daima kuna wachache walio macho, wanaosimuliana habari za marehemu kwa sauti ndogo. Akafikiri: nitatoka nje. Njia ya kutokea ilikuwa moja, na juu yake Bi Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

Siku ya kwanza tumbo la Kiboko likalia: guru-guru-guru-guru!

"Nini hicho?" wakauliza watu.

"Mvua," ikasema sauti ya mama mkwe. "Hata mbingu zinamlilia mkwe wangu. Niongezeeni ndizi."

Siku ya pili tumbo likalia: guru-guru-NGUU!

"Nini hicho?"

"Mlango," ikasema sauti ya mjane. "Unalia, umemzoea mwenyewe. Asanteni kwa viazi, jirani zangu."

Chakula kilipitishwa chini ya pazia kwa mikono miwili, kwa heshima. Pimbi alikula sehemu ya mjane. Akala sehemu ya mama mkwe. Akala za watoto watatu wa kwanza, akashindwa za wale wawili, akazifungia majani ampelekee Shinuni. Maganda alimsogezea Kiboko.

"We Pimbi," akasema Kiboko, machozi ya kweli yanamtoka, "nifufue. Sasa hivi."

"Bwana mkubwa, mimi ni mlango," akasema Pimbi. "Tangu lini mlango ukafufua mtu?"

Siku ya tatu, jua lilipoingia tena kwenye tundu na pazia likawa rangi ya asali, Bi Korongo akasema, "Leo tunaanua matanga. Tutakula kwa pamoja mara ya mwisho, kisha kila mtu arudi kwake." Wakaleta sufuria ya mwisho. Boga la nazi. Wakaifunua.

Kiboko akasimama.

Kivuli chake halisi kikaangukia pazia, na tumbo lake lote, na mashavu, na vile visikio vidogo. Pazia likajaa. "Ni changu!" akanguruma. "Boga ni langu! Mimi ndiye niliyekufa!"

Watoto wakapiga ukelele. Ngiri alizirai, akatolewa nje kwa miguu. Lakini Bi Korongo aliwahi kuona misiba ya kila namna, akashusha mguu wake wa pili taratibu.

"Marehemu," akasema, "una nini lakini?"

"Nina njaa!"

"Ulikufa juzi mbele ya macho yetu. Tena ulikufa mara nne."

"Nimefufuka!"

Wadogo wakaanza kushangilia. Amefufuka! Steringi hafi! Kule nyuma Pimbi aliganda. Akavikaza vijiti mikononi. Kama amefufuka, basi hadithi inaendelea, na mvua za masika zitakuja na kupita, na Shinuni atakua akiita pazia mama.

Bi Korongo akainua bawa watu wanyamaze.

"Sikiliza, ndugu. Sisi tumelia siku tatu. Tumepika siku tatu. Msiba ni kitu cha watu wazima, haufanyiwi mzaha. Kama umekufa, nyamaza, utuache tukuage. Kama hukufa, umetuliza bure, na tutakitaka chakula chetu chote tulicholeta, mpaka ganda. Tena leo. Tena utoke hapa mbele tukutazame usoni. Chagua."

Nyuma ya pazia Kiboko akafikiri. Alifikiri kwa kutumia tumbo. Kurudisha chakula! Chakula ambacho hata hakukionja!

"Basi nimekufa," akasema Kiboko kwa sauti ndogo.

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Haya, Mungu akurehemu. Lala."

Akalala, pwaa! Watu wote wakasema, "Amepumzika." Bi Korongo akageukia kundi. "Hadithi ya Bwana Shujaa imeishia hapa."

"Imeishia hapa!" wakaitikia wote, sauti moja, wakubwa kwa wadogo.

Pimbi aliyasikia maneno hayo yanampitia kuanzia masikioni mpaka miguuni. Hadithi imeisha. Mashahidi ni ziwa zima. Akaviweka vijiti chini, kimoja kimoja, bila haraka. Mke wa Bwana Shujaa akalala chini, likabaki jani la mgomba.

Lakini huku mbele kulikuwa na mmoja ambaye hakuitikia. Shinuni alikuwa ameona kivuli kinashuka, kinatoweka. Akaelewa kwamba hadithi imeisha na mama anaondoka. Akajichomoa mikononi mwa shangazi, akakimbia mpaka kwenye pazia, akalia, "Mama, usiende!" Akabandika kiganja chake kwenye ule mwanga.

Utando wa buibui ni kitu chepesi. Mkono ukapenya.

Upande wa pili, ndani ya asali yote ile ya jua, kamkono kadogo kalitokeza hewani, vidole vimefunguka, kanatafuta. Pimbi akakatazama. Angeweza kusema kwa sauti ya mjane, mtoto angetulia mara moja. Hakutaka. Akaushika ule mkono, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile yenye mikwaruzo:

"Siendi. Ni mimi."

Mkono ukashtuka, ukataka kurudi. Halafu ukatulia ndani ya mkono wake. Shinuni hakuona kitu, aliona mwanga tu; alihisi joto.

"Sema tena," akasema mtoto.

"Ni mimi, mwanangu."

"Sema tena."

Akasema tena. Watu wakaanza kukunja mikeka yao kimyakimya, bila mtu kuwaambia, na jua likawa linatoka polepole pangoni, na bado yule mtoto anasema sema tena, na Pimbi anasema.

Mimi mzigo wangu nimeutua hapo. Mwenye nguvu aubebe aende nao kwao, mwenye usingizi auegemee.

— Na funzo lake?

Funzo! Nyinyi hamshibi bila ganda. Haya, sikilizeni. Mdogo amtii mkubwa wake. Asiwe mjanja. Asitamani boga la mwenzake, na kazi aliyopewa asiiache hata kama amepewa kuwa mlango. Mtazameni Kiboko, mtu wa kujituma: tangu siku ile kutwa yuko majini, pua tu iko nje, kwa kuwa aliahidi kuwa amekufa, naye ni mtu wa neno lake. Na mtazameni Pimbi, asiyesikia! Mpaka leo hana kazi, hana cheo, hana pazia. Yuko juu ya jiwe na wanawe anaota jua, ameshiba, anaongea tu siku nzima.

Msije mkawa kama yeye.

— Hatutaki kuwa kama Kiboko!

Nani kasema hivyo? Tokeni, kalaleni.